"Run" si kukimbia tu

Leo tuzungumzie kitenzi kimoja cha Kiingereza: "run". Ni herufi tatu tu, lakini wiki hii kimenitoa jasho.

Shuleni tulifunzwa kwamba ni kukimbia. Sawa. Lakini maji ya bomba nayo "run", sisi twasema yanatiririka. Mwanasiasa "run", twasema anagombea. Mama mwenye duka "run", twasema anaendesha biashara. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba wanakamusi wa Oxford wamekihesabia maana 645, kikaipita "set" iliyokuwa ikiongoza!

Kwenye tarakilishi neno hili ni la zamani. Mwaka 1964 wanafunzi wa chuo cha Dartmouth, Marekani, walikuwa wakiandika RUN ili programu zao za BASIC zianze kazi.

Sasa mimi natafsiri programu ya kulipa wakulima wa maziwa, itakayotumiwa na karani wa chama cha ushirika. Kuna kitufe kimeandikwa "Run". Nikiweka "Kimbia", karani atacheka. Nikiweka "Endesha", ni Kiswahili safi: kutoka kwenda, yaani kufanya kitu kiende. Lakini kiende wapi? Je, kitufe kinapiga hesabu tu, au kinatuma pesa papo hapo? Mwingereza anaridhika na "run" bila kujua. Karani hawezi kuridhika, maana hizo ni pesa za watu.

Nikamuuliza aliyeandika programu. Kumbe kinapiga hesabu tu. Kutuma kuna kitufe chake. Basi nikaandika "Piga hesabu".

Shida haikuisha. "Run" hiyohiyo iko juu ya orodha ya malipo yaliyopita, na hapo si kitenzi, ni nomino: "Malipo ya mwezi". Chombo cha gettext, kinachotumiwa na programu nyingi huria, huunganisha maneno yanayofanana na kuyapa tafsiri moja, isipokuwa mwandishi ameyatenganisha kwa muktadha (msgctxt).

Kwa hivyo ombi langu kwa waandishi wenzangu wa programu: mkitumia "run", elezeni inafanya nini. Watu husema Kiswahili hakina maneno ya teknolojia. Mimi naona mara nyingi maneno yapo, ila Kiswahili kinataka kwanza ujue unachosema.

Wewe je, kitufe hicho ungekiitaje?