Daftari la kliniki lisilo na safu ya huzuni

Nyumba yenye maradhi ya muda mrefu huwa na kalenda yake. Sisi wa Kigamboni tuliojaaliwa mzazi mwenye kisukari twaijua siku ya kliniki kuliko tuzijuavyo sikukuu za serikali. Baada ya sala ya Alfajiri mgonjwa huandaliwa, chai yake hutiwa katika chupa kwa kuwa hatakiwi kula kabla ya kipimo, nauli ya bajaji hutengwa, na daftari huwekwa mkobani. Wanaokwenda ng'ambo, Temeke au Muhimbili, huwahi pantoni ya mapema au hupita Daraja la Nyerere. Wa Kimbiji na Pemba Mnazi huanza safari giza halijatoka.

Daftari la mama yetu limejaa. Kila ukurasa una uzito, presha, sukari, dawa alizopewa na tarehe ya kurudi. Miaka saba ya maisha ya mtu imo humo kwa tarakimu, na kazi hiyo ya wauguzi hatuibezi, kwani ndiyo iliyomfikisha hapa alipo. Ila katika kurasa zote hizo hapakuwa na safu ya kuandikia analalaje, anakula kwa hamu au kwa kusukumwa, wala kama bado anaona faida ya kumeza vidonge vyenyewe.

Mwaka wa tano wa maradhi yake, dada yake, mama yetu mdogo, alikatwa mguu kwa kisukari hicho hicho, na hakumaliza mwaka. Baada ya arobaini mama alianza kupunguka. Darasa la akina mama pale msikitini, ambalo kwa miaka halikumpita, akaliacha kwa kisingizio cha magoti. Vitumbua vyake, vilivyokuwa vikijulikana hadi Mjimwema, vikakoma. Usiku alikuwa macho, mchana amelala, na chakula alikirudisha nusu. Kliniki sukari ikasoma 17. Dozi ikaongezwa. Mwezi uliofuata ikasoma zaidi, dozi ikaongezwa tena, akaonywa kwa ukali kuhusu wali na chai ya sukari. Hakuna aliyemuuliza kama dawa alikuwa anazimeza. Alikuwa hazimezi. Zilikutwa chini ya godoro, zimefungwa vizuri katika kitambaa, kama mtu awekavyo akiba.

Alipoulizwa alijibu kwa utulivu uliotutisha kuliko kilio: "Za nini, wanangu? Mwisho wake si ule ule niliouona?"

Majirani walikuja na tafsiri zao. Wa kwanza alisema ni husda ya biashara. Wa pili alisema ni jini, akapendekeza kombe na asali, na kiasi cha asali alichokitaja kingemlaza wodini mtu mwenye sukari yake. Wa tatu, mtu mwema kabisa, alisema imani yake imelegea, azidishe subira. Tafsiri hii ya tatu ndiyo iliyomuumiza zaidi, maana alikwisha kujiambia hivyo mwenyewe. Ramadhani ile alikuwa amekatazwa na daktari kufunga. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'an, na fidya ya asiyetarajia kupona yajulikana, lakini yeye aliichukua kama hukumu. Magharibi sisi tukifuturu, yeye alikaa chumbani akisema Mwenyezi Mungu ameukataa mfungo wake.

Sisi twasema kwa adabu, lakini kwa uwazi, kwamba kuihesabu huzuni ya mgonjwa kuwa ni upungufu wa imani ni kuisahau dini yenyewe. Nabii Yaaqub (a.s.) ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na subira yake ndiyo tunayotolewa mfano. Pamoja na hayo, Surat Yusuf yatueleza kuwa macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe. Huzuni iliushika mwili wa Nabii, na hakuna mwanachuoni aliyesema imani yake ilipungua. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiomba hifadhi kwa Mola wake kutokana na hamu na huzuni, na mtu haombi hifadhi kutokana na kisichodhuru. Bi Aisha (r.a.) akipikisha talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa wagonjwa na kwa waliofiwa, akisimulia kutoka kwa Mtume kwamba huutuliza moyo wa mgonjwa. Uji ule ulilisha tumbo na moyo kwa kijiko kimoja.

Wala si jambo lililoachwa kwa riwaya tu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu kizima kuhusu maslahi ya mwili na ya nafsi. Aliona kasoro kubwa kwa matabibu wa zama zake walioshughulikia mwili wakaiacha nafsi, ilhali kimoja kikiugua kingine huumia. Alitenganisha huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile imjiayo mtu bila sababu aionayo. Akashauri pia kwamba kama mtu awekavyo dawa karibu kwa dharura ya mwili, na aweke fikra njema karibu kwa dharura ya nafsi. Yote hayo yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Madaktari wa leo huiita hali aliyokuwa nayo mama sonona. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa mwenye kisukari ana uwezekano wa takriban maradufu wa kupatwa na sonona kuliko asiye nacho. Njia zake ni zaidi ya moja. Msongo wa muda mrefu huongeza mwilini homoni zinazopandisha sukari. Aliyekata tamaa huacha dawa, hatembei, hali kwa mpango. Kisha sukari ikipanda huleta uchovu, na uchovu humthibitishia kuwa hana matumaini. Tatizo lingine ni kwamba dalili za maradhi haya mawili hufanana. Kuchoka, kukonda na kukosa usingizi vyote vyaweza kuwa vya sukari, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni ataandika sukari.

Na foleni ni ndefu kweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kuwa miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari, na takriban 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Safu za nyuma za msikiti wowote wa Kigamboni siku ya Ijumaa zatosha kuthibitisha.

Kilichobadili mambo kwetu hakikuwa kikubwa. Siku moja ya kliniki, muuguzi mmoja, binti wa umri wa wajukuu zake, alimfunga mama kitambaa cha presha mkononi na wakati mashine ikijaa upepo akamuuliza: "Bi mkubwa, wiki hizi mbili, yale uliyokuwa ukiyapenda bado yanakupendeza? Na moyo, unakuwa mzito siku nyingi?" Mama hakujibu. Alilia, foleni ikasubiri. Muuguzi hakumharakisha. Alimwita ofisa ustawi wa jamii wa hapo hapo, wakaketi naye pembeni, na siku ile ile akaonana na daktari. Alipewa dawa ya sonona, akaambiwa kwamba haitamfanya mwendawazimu, na akapangiwa kuzungumza na ofisa yule kila arudipo kliniki. Zaidi ya yote, mambo hayo yote yalifanyika palepale, kwa nauli ile ile. Lau angeambiwa avuke maji siku nyingine aende wodi ya wagonjwa wa akili, tunajua asingekwenda. Angeogopa gharama, na angeogopa zaidi kuonwa mlangoni.

Shehe wetu naye aliendelea kumsomea, na sharti lake lilikuwa moja tu: kisomo kisifanywe sababu ya kuacha kidonge.

Hatudai muujiza. Baada ya miezi minne sukari ilishuka hadi 9, kisha ikapanda, ikashuka tena. Zipo siku hataki kutoka chumbani. Ndugu yetu wa kike amechora kwa penseli safu mpya katika daftari, anaandika "amelala" au "hajalala", na muuguzi huisoma kabla ya kupima.

Wapo watakaosema nchi yetu haina watu wa kazi hii. Ni kweli wataalamu wa akili ni wachache, lakini njia si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1980 mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro ilikuwa ya majaribio ya kupeleka huduma ya afya ya akili hadi zahanati, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark. Kliniki za wanaoishi na VVU, tangu dawa zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, zilitambua mapema kwamba kidonge bila ushauri nasaha hutupwa. Ndiyo maana leo wapo WAVIU washauri, wagonjwa wanaowashika mkono wagonjwa wenzao na kuwafuata nyumbani wakipotea. Mwenye kisukari naye hupewa dawa za maisha yote. Kwa nini yeye arudi nyumbani na onyo la wali peke yake?

Zimbabwe nako, mwaka 2006, Dakta Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Bibi hao walifunzwa kusikiliza, wakawekewa benchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa nao walipata nafuu kubwa kuliko waliohudumiwa kwa kawaida. Waliyoyatibu wenyewe huyaita kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nani pwani hii hajasikia mtu akisema "ana mawazo"? Mpango huo umefika Zanzibar. Kutoka huko hadi Kigamboni ni bahari ndogo.

Muuguzi mwenye wagonjwa sitini hawezi kuketi na kila mmoja, tunakubali. Lakini maswali mawili huisha kabla mashine ya presha haijatoa jibu, na ni wachache watakaohitaji kuketi. Anayesema anatamani kufa asijibiwe kwa neno haramu na kuachwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asibaki peke yake.

Hospitali ina sehemu yake, na misikiti ina yake. Wazee wengi wenye sukari huumizwa na Ramadhani kabla haijaandama, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza ruhusa yao kwa upole. Shehe wa mtaani kwetu amekubali kwamba Ijumaa moja ya Shaaban atamkaribisha yule binti muuguzi azungumze na waumini kuhusu funga, dawa na moyo wa mgonjwa. Akina mama wameomba jambo moja tu, kipaza sauti cha upande wao kitengenezwe kwanza, maana mhadhara uliopita hawakusikia neno.