Wimbo Umebaki, Mwimbaji Yu Wapi?



Wapendwa, wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakiimba ili mzigo uwe mwepesi. Majina ya waliotunga nyimbo zile hatunayo.

Karne iliyofuata, mji wetu ulivuma tena kwa nyimbo: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz, na Nyanyembe Jazz iliyobeba jina la Unyanyembe, kituo kile kile cha misafara. Sauti zao zilihifadhiwa katika kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam. Leo vijana wetu huupata wimbo "Dada Asha" wa Tabora Jazz katika simu na kuufurahia. Lakini Shem Karenga, aliyefariki dunia mwaka 2014, wachache wamjua.

Yoshua bin Sira, sura ya 44, atukumbusha kwamba wapo walioacha jina, na wapo wasio na ukumbusho. Mungu hawasahau. Tusahauo ni sisi, hata kanisani: twanakili nota, twakata jina la mtunzi, kisha twauita wimbo "wetu".

Basi kwaya zetu ziandike jina la mtunzi juu ya kila nakala. Nasi tuwaulize wazee wangali hai: nani alipiga gitaa, nani aliimba? Wawe Wakristo au Waislamu, walikuwa majirani zetu. Tarehe 2 Novemba Kanisa huwaombea marehemu wote, hata wasiojulikana; ila aliyetufurahisha astahili kuombewa kwa jina lake.