Miaka Iliyopita Kabla ya Darasa

Matokeo ya mtihani yakitoka, majirani zangu hapa Mwabungo hutaka kujua jambo moja: "Mwalimu, shule yenu imepata ngapi?" Nafundisha katika shule ndogo ya umma ya watoto viziwi. Nambari ninayo na huwatajia, lakini kila mara huongeza kwamba nambari hiyo inaeleza zaidi yaliyotokea nyumbani kabla mtoto hajafika kwetu.

Fikiria darasa la watahiniwa watano. Mmoja alizaliwa akisikia, akaongea, akaanza kusoma, kisha homa ya uti wa mgongo ikamwondolea usikivu akiwa darasa la tatu. Huyo lugha anayo. Sisi tunampa ishara tu za mambo anayoyajua. Atafanya vizuri na wastani wa shule utapanda. Mwakani hayupo, wastani unaanguka, na kwenye mkutano wa wazazi tunaulizwa walimu tumelala wapi. Walimu ni wale wale, na bidii ni ile ile. Enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tangu 1985 hadi ule wa mwisho wa 2023, nimesikia shule za watoto wachache zikipimwa hivyo, na sijawahi kukubali kwamba ni kipimo cha haki.

Mtahiniwa wa kawaida kwetu ni tofauti. Ameletwa akiwa na miaka tisa au kumi, amevaa vizuri, anajua kuchota maji na kuchunga mbuzi. Ishara alizo nazo ni za kwao tu: kula, kulala, baba, usiguse. Siku za kwanza hukaa akitazama mikono ya wenzake kama anayetafuta mlango. Tunaanza na jina lake, kwa sababu wengine hawajui kwamba wanalo. Kisha rangi, wanyama, watu wa nyumbani. Jana na kesho huchukua muda mrefu. Kinachochelewa kuliko vyote ni "kwa nini", maana hakuna mtu aliyewahi kumweleza sababu ya jambo lolote: kwa nini babu haonekani tena, kwa nini ndugu zake wanaenda madrasa na yeye anaachwa. Siku anapouliza "kwa nini" ya kwanza, huwa hazikomi, na hapo ndipo mimi huhesabu kwamba shule imeanza. Wenzake wanaosikia, wa umri wake, wakati huo wanasoma gredi ya nne.

Sasa mpe karatasi ya mtihani. Mtoto huyu ukimtuma sokoni Ukunda atarudi na chenji kamili. Hesabu ya tarakimu ataifanya bila kusita. Lakini mfanyabiashara wa kwenye mtihani amenunua machungwa kwa bei fulani, mengine yakaoza, akauza yaliyobaki kwa faida ya asilimia kadhaa, na yote hayo yameandikwa kwa Kiingereza. Hapo anaanguka, na kinachoandikwa ni kwamba ameanguka hesabu. Akiandika insha, atapanga maneno kwa mpangilio wa ishara zake, wakati ukitangulia mbele, na kila sentensi itapigwa kalamu nyekundu. Katiba ya 2010 iliitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na watahiniwa wetu wamepata kuifanyia mtihani badala ya Kiswahili. Hilo lilitusaidia sana. Masomo mengine bado yanawajia kwa Kiingereza cha kuandikwa.

Kuchelewa kwao si ukatili wa wazazi. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao hawajawahi kuishi na kiziwi. Mama husubiri: pengine ataongea tu, mjomba wake naye alichelewa. Baadaye kwa mganga, halafu hospitali, halafu kungoja tena. Kwa wengine, mama anafanya kazi hotelini Diani na mtoto yuko kwa bibi, naye bibi husema, "Mwanangu, huyu hasikii, atasoma nini?" Kwa wanaotoka mbali, upande wa Kinango au Lunga Lunga, shule maana yake ni bweni. Mama anayekataa kumwacha mtoto wa miaka minne bwenini simlaumu, nami ningesita.

Kuna pia makaratasi. Tangu NEMIS, mfumo wa kusajili wanafunzi kwa kompyuta, uanze 2017, fedha za serikali zimefuata jina lililosajiliwa, na usajili umekuwa ukitaka cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani na kufichwa kwa miaka mingi mara nyingi hana. Anakula, anasoma, analala kwetu, lakini kwenye kompyuta hayupo. Kwa hiyo idadi inayosomeka ni ndogo kuliko watoto tulio nao, na fedha huja kwa idadi inayosomeka.

Mwaka 2025 wanafunzi wa gredi ya tisa wa mtaala mpya walifanya tathmini ya kwanza ya KJSEA, na asilimia 20 ya alama yao ya mwisho hutokana na kazi za shuleni. Napenda hilo, kwa kuwa kazi ya mikono na miradi huonyesha jinsi watoto wetu wanavyofikiri. Lakini hata mtaala mpya haurudishi miaka tisa ya ukimya.

Ndiyo maana nguvu zangu nazipeleka kwa watoto wadogo. Watoto wengi hupelekwa kliniki wakiwa na miezi tisa kwa chanjo ya surua. Muuguzi akimuuliza mama swali moja tu siku hiyo, kama mtoto anageuka akiitwa kwa nyuma, na kumwelekeza kwenye kituo cha tathmini cha kaunti, tutawapata miaka mingi mapema. Na mama mwenyewe aje ajifunze ishara pamoja naye. Waliokuja, hata kwa Jumamosi chache, watoto wao nawatambua darasani bila kuambiwa: wanasimulia mambo ya nyumbani, wanabishana, na wanafungua kitabu wakitarajia kuna jambo ndani.