Gobore halikatai, linachelewa tu!

MSOMAJI wangu, kama wewe ni mtoto wa mjini kama mimi, bunduki unazozijua ni zile za kwenye sinema. Jamaa anamwaga risasi mia bila kujaza, na nywele zake wala hazichafuki. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipopanda basi pale Mbezi kwenda Urambo, mkoani Tabora, kumsalimia mjomba wangu. Huko nikakutana na gobore. Jamani, gobore!

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba analima mahindi na karanga, na kila msimu nguruwe pori wanavuna kabla yake. Amegonga madebe, amewasha moto, amelala juu ya dungu mpaka mgongo ukapinda, wapi! Ndipo akaamua kutafuta gobore, maana mlio wake peke yake unatosha kuwahamisha nguruwe kata nzima.

Msidhani ni kitu cha kununua gengeni. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 haina utani, na gobore nalo ni silaha. Mjomba alianzia kwa mtendaji wa kijiji, akapanda kata, akafika wilayani, akachukuliwa alama za vidole, akaambiwa nenda rudi. Kadi ya kliniki tu ndiyo hawakumdai! Mwaka na ushee ukapita. Mimi nilifika wiki ile ile leseni ilipotoka, nikajisemea moyoni: hapa pana makala.

Muuzaji alikuwa bibi mmoja mjane. Mumewe alipofariki, gobore lilipelekwa kituo cha polisi kuhifadhiwa, likasubiri huko mtu mwenye leseni. Mauzo yakafanyika hapo hapo kituoni, mbele ya askari na daftari lake. Bei: laki tatu, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu chini ya benchi.

Mjomba hakulichukua kichwakichwa. Kwanza alichomoa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, akautumbukiza mtutuni mpaka ukagota. Akaweka kidole pale ulipoishia, akautoa, akaupima kwa nje sambamba na mtutu. Nikamuuliza anafanya nini. "Naangalia kama halina mtu ndani," akanijibu. Kumbe mdeki ukigota kabla ya kufika kwenye kitako, ujue kuna baruti na risasi imelala humo, pengine tangu enzi za marehemu! Kisha akajaribu mtambo kama unashika, akakagua kale kanundu kenye tundu kanakovalishwa fataki. Mjomba anakaita chuchu, na msinicheke, ndivyo anavyosema.

Bibi alikuwa kimya muda wote. Tulipoanza kuaga akanishika mkono, maana mimi ndiye niliyekuwa nikicheka kuliko wote.

"Mjukuu wangu, marehemu alikuwa akisema gobore halikatai, linachelewa tu."

Nikasema ahsante bibi, nikauandika msemo kwenye simu. Nilipanga kuutumia kwenye safu ya mapenzi, kwa ajili ya wale dada zetu wasiojibu meseji.

Sasa kidogo niwape historia, maana kidato cha nne sikwenda kuchunga mbuzi. Zamani kulikuwa na gumegume, bunduki inayowashwa na jiwe linalogonga chuma. Cheche ikiruka unaona mwako kwanza, ndipo mlio unafuata. Mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, aliyependa kuwinda ndege, aliona ndege wanauona mwako na kutoroka kabla hawajapigwa. Akatafuta dawa inayolipuka kwa kugongwa, na mwaka 1807 akapewa hati ya ugunduzi wake. Hapo ndipo ukoo wa fataki ulipoanzia, kwa hasira za mchungaji aliyekosa kitoweo!

Na Urambo yenyewe si mahali pageni kwa baruti. Ni nchi ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, ambaye rugaruga wake walibeba bunduki zilizopanda kutoka pwani kwa biashara ya pembe za ndovu. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya walikubaliana huko Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingie ovyo sehemu kubwa ya Afrika, lakini gumegume zenye mtutu laini wakaziachia mlango, chini ya masharti. Yaani wao wabaki na mpya, sisi tubaki na za babu.

Turudi kwa mjomba. Jioni ile, baada ya kumwarifu mwenyekiti wa kitongoji ili watu wasidhani majambazi wameingia, tulikwenda nyuma ya shamba penye kichuguu kikubwa. Tukaegemeza debe bovu kwenye kichuguu, tukahesabu hatua 30. Mimi nikaomba kupiga. Mjomba akanitazama kama aliyeombwa mke.

"Leseni ina jina langu. Wewe piga picha."

Sawa. Akamimina baruti kwa kipimo cha pembe, akasukuma kizibo cha katani, akatia risasi, akaweka kizibo kingine, akashindilia taratibu. Kabla ya hapo alitaka kwanza alipue fataki moja mbili bila kitu ndani, kusafisha njia, maana polisi walilipaka mafuta mengi lisishike kutu. Mimi ndiye niliyemharakisha. "Mjomba, jua linazama, picha itatoka giza!" Akasita, kisha akaacha. Kwa sababu yangu, jamani. Kwa sababu ya picha.

Akavalisha fataki, akalenga. Mimi nyuma yake na simu, narekodi.

Ta!

Basi. Ta tu, kama mtu aliyevunja kijiti. Hakuna moshi, hakuna mlio, debe linatutazama. Nikaangua kicheko. Nikaona hapa ndipo pa kupata picha ya mwaka, sura ya mjomba aliyelipa laki tatu na jogoo. Nikatoka nyuma yake, nikapiga hatua kwenda mbele.

"RUDI!"

Sijawahi kusikia sauti ile kwa mjomba. Hakugeuka, hakuteremsha gobore, alibaki vile vile amelenga kichuguu, kama sanamu. Miguu yangu ikarudi yenyewe, mimi bado nacheka.

BUUUM!

Moshi mweupe ukatufunika, harufu ya yai viza, masikio yakaimba. Moshi ulipoondoka, debe lilikuwa pale pale, zima. Risasi ilipita pembeni yake ikachimba kichuguu. Mtutu laini hauna mifuo ya kuizungusha risasi, inakwenda inakotaka. Nami nikaangalia mahali nilipokuwa nimekanyaga. Alama ya ndala yangu ilikuwa hatua moja tu mbele ya mjomba, na nusu yake ilikuwa njiani.

Mjomba alilaza gobore chini, akakaa. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Muda mrefu hakusema, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Ningemwambia nini dada yangu?"

Dada yake ni mama yangu. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kesho yake alirudi pale pale, safari hii bila haraka. Akalipua fataki mbili tupu, jani aliloliweka mbele ya mtutu likaruka, ndipo akashindilia. Risasi ya pili debe likatoboka. Usiku tukaliosha gobore kwa maji ya moto na sabuni, maana masizi ya baruti yakilala humo yanakula chuma, tukalikausha na kulipaka mafuta. Kidogo tu.

Washikaji wangu wa maskani wananisumbua niwaonyeshe video. Ninayo. Ni ya sekunde chache: inasikika ta, kicheko changu, sauti ya mjomba, halafu mlio. Nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara kinachoniuma si ule mlio, ni kile kicheko. Siwaonyeshi.

Na ule msemo wa bibi, kwenye safu ya mapenzi sitautumia tena. Una kazi yake.

Mama, kama gazeti hili limekufikia, nisamehe. Mjomba naye anisamehe, maana tulikubaliana usijue.