Mgeni Njoo, Mnyonge Apone

Tangi langu la kwanza lilitengenezwa na fundi wa vioo mjini Karatina, mtu aliyezoea kukata vioo vya madirisha. Nilimchorea vipimo kwenye karatasi ya daftari: urefu futi nne, upana na kimo futi moja na nusu. Akaniuliza kama nafungua duka la keki. Nilipomwambia ni la samaki, alicheka: "Mwalimu, samaki si wako sokoni?"

Niliowataka mimi hawakuwa wa kukaangwa. Walikuwa mbuna wa Ziwa Malawi, samaki wa miambani walio katika ukoo mmoja na tilapia wetu. Nilinunua watano Nairobi mwaka 2014, enzi zile mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku, nikapanda nao matatu nikiwa nimeukumbatia mfuko ndani ya koti. Wote walikuwa na urefu wa kidole, manjano, wenye mistari myeusi ubavuni. Nilidhani nimeleta nyumbani ndugu watano.

Karatina si Malawi. Mwezi Julai ukungu wa Mlima Kenya hukaa hadi saa sita mchana, na mbuna wanataka maji yenye joto la nyuzi 25 hivi. Tena maji yetu ya mlimani ni laini, wao wamezoea magumu. Joto nililipata kwa hita ndogo, nikiomba Mungu stima zisipotee. Ugumu wa maji niliupata agroveti, kwenye maganda ya kombe yaliyosagwa wanayouziwa wafugaji wa kuku wa mayai. Niliyafunga katika soksi kuukuu nikaitumbukiza nyuma ya kichujio.

Baada ya miezi michache mmoja wao alianza kugeuka. Manjano yalififia tumboni kwanza, kisha ubavu mzima ukawa mweusi kama masizi, na mistari ikabaki ya samawati hafifu. Hivyo ndivyo dume la aina hii linavyovaa likishika utawala. Alianza kwa kumiliki pango la mawe kwenye kona ya kushoto. Akachukua katikati. Mwishowe tangi zima likawa lake, na wenzake wanne wakawa wanaishi kwa kubanana juu kabisa, penye povu la kichujio. Mmoja alitafunwa pezi la mkia likabaki kipande. Binti yangu, aliyekuwa darasa la pili, alimwita Kamkia, na kila nikirudi kutoka kazini alinipokea na taarifa mlangoni: "Baba, Mweusi amempiga Kamkia tena."

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa kumletea Mweusi mtu wa kumkomesha. Nilinunua dume moja, kubwa kumzidi kidogo, nikalifungulia jioni taa zikiwaka. Asubuhi nilimkuta mgeni amejibanza nyuma ya hita, magamba yamenyofoka. Siku ya pili alikufa. Ukubwa wake haukumsaidia kitu, kwa sababu hapakuwa na jiwe hata moja alilojua kujificha chini yake, na Mweusi aliyajua yote.

Aliyenifumbua macho ni mama yangu, ambaye hajawahi kufuga samaki. Alinisikiliza, akaniuliza: "Wewe, kuku mgeni huingizwa bandani saa ngapi?" Usiku, nilimjibu. Kuku wakiwa wamelala, unampandisha mgeni pale juu katikati yao, na kukicha wanaamka pamoja bila kujua nani alitangulia. "Basi," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Safari ya pili nilileta wanane kwa mpigo, wa kimo kimoja na wale wa nyumbani. Nilizima taa. Nilitoa mawe yote, nikayapanga upya, nikaongeza mengine, na ile kona ya kushoto nikaiacha mchanga mtupu. Ndipo nikawafungulia wageni gizani.

Alfajiri nilikaa mbele ya kioo na kikombe cha chai. Mweusi alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kona yake. Hakukuta pango. Aliizunguka ile nafasi kama mtu aliyerudi kwenye ploti yake akakuta ukuta umebomolewa. Akamkimbiza mgeni mmoja. Kabla hajamfikia, mwingine akapita mbele yake, akamwacha wa kwanza akamfuata huyo. Akatokea wa tatu. Alishinda akikimbiza, lakini hakummaliza mtu. Siku ya tano Kamkia alishuka chini, akala kwenye mchanga. Wiki chache baadaye mkia ulikuwa umeota.

Gharama ilikuwepo. Samaki kumi na watatu huchafua maji upesi, na kila Jumamosi nilibeba madebe kubadilisha theluthi ya tangi. Lakini mwaka huohuo jike mmoja alivimba koo, akakataa chakula kwa takriban wiki tatu: alikuwa amebeba mayai mdomoni. Vifaranga walipotoka, walikimbilia nyufa za mawe ambayo hayakuwa ya mtu.

Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliyechunguza kwa miaka mingi binamu wa mbuna anayeishi Ziwa Tanganyika, alionyesha kwamba dume mnyonge akiondolewa mkubwa wake huanza kubadilika rangi ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ukali wa Mweusi haukuwa tabia yake peke yake. Ulikuwa cheo, na cheo kilitokana na mpangilio wa nyumba.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni gani. Katika miaka ya 1950 sangara aliingizwa Ziwa Victoria, na kufikia miaka ya 1980 mamia ya aina za furu, ndugu wa mbuna wangu, yalikuwa yamepungua vibaya au kutoweka. Yule alikuwa mgeni anayekula wenyeji, na ziwa halina mtu wa kulipanga upya.

Wewe mwenye tangi unaweza. Leta wageni wengi, wa kimo kimoja, usiku. Na kabla hujawafungulia, sogeza mawe.