Mbwa Mkubwa Hataki Haraka

Miaka ya 1990, kama ninavyoikumbuka, nyumba iliyomsubiri mtoto wa mbwa mkubwa, awe German Shepherd, Rottweiler au Boerboel, ilijiandaa nje tu. Fundi aliitwa apigilie banda la mbao na mabati karibu na geti, mnyororo ukanunuliwa, sufuria kuukuu ikatolewa jikoni, na kazi ikawa imekwisha. Ndani ya sufuria uliingia ugali wa dona na dagaa, au mapafu na utumbo kutoka buchani, na mwenye uwezo aliongeza maziwa, kiganja cha unga wa mifupa na kijiko cha mafuta ya ini la samaki. Shabaha ilikuwa mbwa awe mkubwa, tena upesi, kwa sababu mwizi hangoji. Mfugaji alisifiwa kwa unene wa miguu ya mbwa wake akiwa bado na miezi minne. Leo daktari wa mifugo anayeijua kazi yake atakuambia kinyume kabisa: mtoto wa mbwa mkubwa akue taratibu, abaki mwembamba kiasi kwamba ukimpapasa ubavuni unazihesabu mbavu kwa vidole. Kwangu mimi, badiliko hilo la fikra lina uzito kuliko kitanda, shanga na midoli yote inayouzwa madukani.

Sababu iko kwenye mifupa. Great Dane huzaliwa na uzito wa kama nusu kilo, na kabla dume hajatimiza miaka miwili amepita kilo 50. Mifupa inayorefuka kwa kasi hiyo hubaki laini kwa muda mrefu, na kila gramu ya ziada ya uzito huiegemea. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo yao kuhusu watoto wa Great Dane: waliokula watakavyo walipata kasoro nyingi zaidi za mifupa kuliko waliopimiwa chakula. Katika miaka ya 1980 wenzao wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha kwamba kalsiamu nyingi nayo huharibu mifupa hiyohiyo, maana mbwa mchanga hawezi kuizuia isiingie mwilini kama afanyavyo mbwa mzima. Ndiyo maana viwango vya Marekani sasa vinataka chakula cha watoto wa mbwa watakaofikia takriban kilo 32 na kuendelea kisizidi asilimia 1.8 ya kalsiamu, kikipimwa bila maji yake.

Hapa wazee wetu wanastahili kutetewa. Unga wa mifupa haukuwa ujinga. Mahindi na mapafu yana kalsiamu kidogo mno na fosforasi nyingi kwa kulinganisha, na mwili ukikosa kalsiamu huichukua kutoka kwenye mifupa yenyewe, hadi miguu ikapinda au kuvunjika kwa mruko mdogo. Waliona upungufu, wakautafutia dawa. Kasoro ilikuwa kwenye kiganja, kwa sababu kiganja si kipimo: leo kinatoa kidogo, kesho kinatoa maradufu, na mtoto wa mbwa mkubwa anaumizwa na pande zote mbili. Anayepika nyumbani aombe kwa daktari wa mifugo mchanganyiko ulioandikwa kwa gramu. Anayenunua chakula cha watoto wa mbwa wakubwa asiongeze kalsiamu yoyote juu yake. Na mahindi yenye ukungu yasigeuzwe chakula cha mbwa. Sumukuvu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 humuua mbwa pia.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya matajiri, na kwamba mbwa wa kienyeji amekula makombo miaka yote akawa imara. Ni kweli alikuwa imara, lakini yule huwa na uzito mdogo sana akilinganishwa na hawa, kwa hiyo mifupa yake haikubebeshwa mzigo wa namna hii. Kuhusu gharama, ushauri mkuu hapa ni kupunguza chakula, na hilo linaokoa pesa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuata Labrador 48 kwa maisha yao yote, wawili wawili, mmoja akipewa robo pungufu ya alichokula mwenzake. Kwa wastani waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuchakaa.

Kisha kuna sakafu, ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyeihesabu. Nyumba za sasa zimejaa vigae vinavyong'aa. Mtazame mtoto wa mbwa wa wiki kumi akiitwa kutoka upande wa pili wa sebule: anakimbia, kucha zinakwaruza bila kushika, miguu ya nyuma inatawanyika, tumbo linagonga chini, anainuka na kuanza tena. Mkeka wa mpira kwenye njia anazopita unatosha kuondoa hilo. Ngazi nazo zizibwe. Nchini Norway, watoto wa mbwa wakubwa waliokuzwa kwenye nyumba zenye ngazi katika miezi mitatu ya kwanza walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kasoro ya nyonga, na waliocheza nje kwenye ardhi laini isiyo tambarare walikuwa na hatari ndogo.

Ila huko nje pana kirusi cha parvo, kilichoenea duniani kuanzia mwaka 1978, na hukaa kwenye udongo miezi mingi. Kama mbwa aliwahi kufa kwa kuhara damu katika uwanja huo, usimweke hapo mgeni kabla hajamaliza chanjo zake, kwa kawaida wiki ya 16. Mpaka hapo achezee mahali unapopajua, na chanjo ya kichaa cha mbwa isisahaulike.

Kama unajiandaa mwezi huu, nunua mzani kabla ya mnyororo, mpime kila wiki, na uandike. Banda linaweza kungoja. Uzito wake hauwezi.