MIGUU INAPOKATAA



Neno la leo ni fupi, na linaanza na toba. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuvuta mkokoteni pale Kongowea, alikosa ibada ya Jumapili. Akaniambia, "Mchungaji, miguu ilikataa." Nikamjibu mbele ya watu kwamba huo ni uvivu.

Jumanne iliyopita nilichelewa feri Likoni. Nikakimbia ule mteremko na begi mkononi. Kuingia ndani, mapaja yanawaka moto. Tulipofika ng'ambo, moto ulikuwa umekwisha. Lakini Jumatano na Alhamisi nilishuka ngazi za nyumbani nikishikilia ukuta.

Nilizoea kusema, "ni asidi imejaa miguuni." Sivyo. Ukikimbia kwa nguvu, misuli huvunja sukari haraka kuliko hewa inavyowahi kufika, na hapo hutokea lakteti nyingi. Ukitulia, moyo na misuli huitumia kama kuni, na ini huigeuza tena kuwa sukari. Kazi hiyo ya ini ilielezwa na Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Ndani ya saa 1 hivi karibu yote imeondoka, na ukitembea polepole huondoka upesi zaidi.

Maumivu ya kesho yake ni mengine. Ni nyuzi ndogo za misuli zilizoumia, hasa kwa kazi usiyoizoea au kwa kukimbia mteremko. Hizo zinataka siku kadhaa, chakula na usingizi.

Umeona, mpendwa? Kuna uchovu unaopita ukiendelea kutembea taratibu, na kuna jeraha linalotaka kupumzishwa. Mimi nilikemea jeraha nikaliita uvivu. Eliya alikimbia mbele ya gari la Ahabu, kisha akalala chini ya mti akitamani kufa. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimlisha, akamwacha alale tena.

Jana nilienda Kongowea kumwomba kijana msamaha. Akacheka, akasema, "Basi shika upande huo, Mchungaji, tusukume." Nikashika. Lakini nilimkemea hadharani, kwa hiyo toba pia naiandika hadharani.

Je, kuna mtu nyumbani mwako unayemwita mvivu? Kabla hujamhubiria, muulize anaumwa wapi.

Ubarikiwe. Amina.